Mpimaji na Ndege ya Bei Poa

Ukimpelekea Mpimaji mtoto mchanga amwone, usitegemee akuambie ni mzuri au amefanana na baba yake. Atampokea kwa mikono miwili, atafumba jicho moja, halafu atasema, "Tatu na robo. Mama yake apewe uji." Ukienda kliniki na hasira zako kwamba huyu mzee anajifanya nani, nesi atamtundika mtoto kwenye mizani, na utarudi nyumbani umenywea. Mimi nilirudi hivyo na wanangu wote.

Alikozaliwa na ukoo wake siuelezi. Mwenyewe hakuwa na muda na habari hizo. Nilimjua akiwa tayari mtu mzima, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Bariadi, enzi hizo bado tuko mkoa wa Shinyanga. Tulimwita Mpimaji kwa sababu alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika kule Lalago, mpaka chama kilipolegea na soko huria likaingia. Mke wake tulimwita Mayu, kama tunavyomwita huku mama yeyote wa heshima. Mimi wote wawili waliniita ng'wanawane, yaani mwanangu, na nilikuwa nao kweli kama mtoto wa nyumba ile.

Kila mtu ana kitu chake cha kuaminia. Mwingine ana rozari, mwingine hirizi. Yeye alikuwa na jiwe, jeusi, laini, la mtoni, kubwa kama kichwa cha mtu. Siku mizani mpya ya chama ilipoletwa Lalago, alilitundika mbele ya wanachama wote, na mizani ikasema kilo kumi kamili, si zaidi si pungufu. Tangu siku ile likaitwa jiwe la kumi. Alilitunza ndani ya gunia safi, na hakuna mtoto aliyethubutu kulikalia.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi wa pamba wakaja kila mmoja na mizani yake. Mpimaji hakuwa na kazi tena, lakini msimu ukifika alifunga jiwe kwenye keria ya baiskeli na kuzunguka vituo vya kununulia. Kabla mkulima hajapima, jiwe linapimwa. Mizani ikisema nane, mzee hagombani. Anakaa kwenye kivuli cha lori, anavua kofia, anasema kwa upole wa kanisani, "Jamani, kilo zangu mbili zimekwenda wapi?" Wakulima wanaangua kicheko, mnunuzi anatoka jasho, na baada ya muda mfupi mizani inapata akili.

Kuna kijana mmoja mnunuzi alifika kituo cha Zagayu, na mizani yake ikasema jiwe ni kumi na moja. Mpimaji akaigonga kwa kifundo cha kidole, akalitundika jiwe upya. Kumi na moja. "Hii imelewa," akatangaza. Kijana akaapa kwamba mizani imekaguliwa, muhuri wa serikali huu hapa. Mzee akamcheka. "Muhuri! Anayekupunja unamwona, unamkamata mkono. Anayekuzidishia ndiye wa kuogopa, maana hujui atakulipizia wapi." Watu wakabeba magunia yao wakaondoka. Yule kijana akakunja turubai, akapakia mizani yake, na Zagayu hakuonekana tena. Kisa kile tulikisimulia miaka, na kila mara nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Siku hizi sicheki.

Mimi kazi yangu ni tiketi. Nilianza na za mabasi kwenye kibanda karibu na stendi, halafu soko huria lilipopanda mpaka angani nikaongeza na za ndege. Kabla ya hapo, kuruka kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kulikuwa shughuli ya wakubwa, na shirika lilikuwa moja tu, lile kongwe la serikali. Ghafla yakaja makampuni mapya yenye nauli za chini, na mtu wa kawaida akaanza kuuliza. Nikanunua rangi nyekundu, nikaandika juu ya mlango: NDEGE BEI POA.

Asubuhi yake Mpimaji akasimamisha baiskeli.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

"Mwangaluka, baba."

"Hiki ulichoandika hapa, umekifikiria?"

"Bei poa, baba. Maana yake nafuu. Ni lugha ya vijana wa Dar."

"Mimi kupoa nakujua," akasema. "Uji unapoa. Injini ikizimika inapoa. Na mtu akipoa mwili, tunatafuta sanda. Sasa wewe unawapakia watu kwenye ndege iliyopoa?"

Nilicheka, lakini yeye alikuwa hatanii, au alikuwa anatania nusu. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yake kila akipita. "Leo zimepoa kiasi gani?" Nami namjibu, "Zina moto, baba, karibu upande." Anatikisa kichwa, anaondoka.

Msimwone mjinga, jamani. Alikuwa na swali moja tu, na lilinikosesha raha miaka yote: "Aliyepunguza bei amepunguza kitu. Niambie kitu gani."

Nikamwambia. Wamepunguza chai na mkate. Wamepunguza mzigo wa bure, ukizidisha unalipia. Ndege yao haishindi uwanjani kuota jua, inashusha watu, inapakia wengine, inaondoka. Viti wanavijaza vyote.

"Na bolti?"

"Bolti hazipunguzwi, baba!"

"Nani anazitazama?"

"Watu wa mamlaka ya anga. Wanaokagua ndege za shirika kongwe ndio haohao wanaokagua na hizi. Sheria moja, mtihani wa rubani mmoja. Ikikosa kitu, hairuki."

"Hata mizani za wanunuzi zina muhuri mmoja, wa serikali ileile," akasema. "Na zinakula kilo za watu mchana kweupe. Rahisi inavunja upishi, ng'wanawane."

Hapo alikuwa ananimaliza. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu mizani zenye muhuri zikiwapunja baba zetu. Niliyoyajua mimi kuhusu ndege niliyasoma na kuambiwa. Aliyoyajua yeye kuhusu bei aliyaonja. Ukibishana na mtu wa namna hiyo unapoteza mate yako bure.

Lakini huyohuyo mzee aliyeogopa ndege ya nauli nafuu alikuwa anatoka Lalago amekaa juu kabisa ya magunia ya pamba, kwenye lori lisilo na breki za kuaminika, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Nikamsema. Akanijibu, "Lori likitaka kuharibika linalia, nalisikia, naruka. Ndege nitarukia wapi?" Siku nyingine nikamwonyesha katambuga zake, zile ndala za tairi anazonunua mnadani. "Hizi nazo ni za bei rahisi, baba. Mbona hukuuliza zimepunguza nini?" Akainua mguu akaitazama ile tairi. "Zimepunguza gari zima," akasema. Mayu alicheka mpaka akashika ukuta.

Kitu kingine cha ajabu kwake ni kwamba alipenda vitu vinavyochelewa. Alikuwa na hadithi zake za marobota ya pamba yanayopelekwa stesheni ya Malampaka kusubiri treni. Watu wa chama wanalala pale na pamba yao, wanapika ugali kando ya reli, treni haionekani, na yeye anaisimulia kama sherehe. "Kitu kizito hakina haraka," anasema. "Ukiona kinawahi sana, kina wepesi mahali." Nilikuwa nasikiliza tu. Sikujua kwamba maneno yale yangekuja kutugharimu.

Mayu alikuwa kinyume chake. Mwepesi, mcheshi, akiingia kwako na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga anakuwa ameshaanza kusema tangu barabarani. "Huyu mzee," anasema, "hata mahari yangu alitaka kuitundika kwenye mizani." Kazi aliyojulikana nayo mtaani ni kupepeta mchele. Ungo mkononi, mdomo unapiga stori, na punje moja ya mchanga haimpiti. Kukiwa na harusi au msiba, mchele unapelekwa kwa Mayu. Macho yake yalikuwa mali ya mtaa mzima.

Basi asubuhi moja akaniita ukutani. "Ng'wanawane, kuna radi ndani ya jicho langu hili. Na kuna pazia linashuka."

Hospitali ya hapa wakatupeleka Mwanza bila kupoteza muda. Daktari wa macho akamulika, kisha akatueleza kwa lugha ya kawaida: nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayoona, na ya Mayu inabanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu. Wa kuirudishia wako Dar es Salaam. Msisubiri, akasema. Na safari ya basi akaikataa, barabara za wakati ule zingemaliza jicho kwa mitikisiko. Nikakimbia kutafuta nafasi, nikapata viti viwili vya kesho yake, kwenye ndege ya bei poa.

Tulifika uwanjani mapema, mimi nikiwasindikiza. Mpimaji akaenda kwenye uzio akaitazama ile ndege muda mrefu.

"Imepakwa rangi juu ya rangi," akasema. "Chini kuna jina la nani?"

"Ni ya kukodi, baba. Ndivyo makampuni mengi yanavyofanya, hata makubwa."

"Ya kukodi." Akarudia neno lile taratibu. "Na bei imepungua. Na inawahi." Akageuka. "Hatupandi. Tutangoja ya shirika."

Nilimbembeleza. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Nikafoka, nikalia pale mbele za watu, na sikuona aibu. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo. "Mimi sina Mayu wa akiba," akasema. "Jicho likipotea nitabaki na mke. Hiyo ikianguka nitabaki na nini?" Nikamgeukia Mayu. Nikamwambia twende wote wawili, mimi nitakushika mkono, mzee atafuata. Akanitazama kwa lile jicho zima, akamtazama mumewe.

"Hajawahi kunipunja huyu," akasema. "Nitangoja naye."

Ndege ikaondoka. Tuliiona ikipanda juu ya ziwa, ikawa ndogo, ikapotea, na viti vyetu viwili vimekwenda vitupu.

Ya shirika kongwe ilikuwa na hitilafu, iko kwenye matengenezo, itaruka kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Hapa sitaki mtu alaumu shirika. Ndege yenye hitilafu ikizuiwa kuruka, huo ndio usalama wenyewe tunaouomba. Nililala kwa ndugu zao Mwanza pamoja nao, na kila asubuhi nilikwenda kwenye kaunta kuuliza, nikarudi na jibu lilelile. Mpimaji alilipokea kwa utulivu, kama mtu wa Malampaka. Mayu alikuwa anakaa barazani, anafunika jicho zima kwa kiganja, anapima lile jingine limebakiza nini. Siku ya kwanza alibakiza mti wote wa uani. Baadaye shina tu. Baadaye akaacha kufunika.

Waliporuka hatimaye, walipewa chai na mkate. Najua kwa sababu mzee alinisimulia. Dar es Salaam wakaambiwa lile neno ambalo mgonjwa wa mbali analijua kwa moyo: mngekuja mapema. Jicho likawa limekwenda.

Walivyorudi nilidhani atabadilika, au angalau atanyamaza. Alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Lakini tulifika salama." Mungu anisamehe, neno lile nililichukia. Nililichukia zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Walifika salama.

Mayu akaendelea kupepeta mchele kwa jicho moja, amegeuza shingo upande kama kuku anayetazama mwewe. Watu wakaendelea kumpelekea. Miaka ikaenda hivyo, makampuni mengine ya ndege yakafa, mengine yakazaliwa, na kibao changu nikakipaka rangi upya.

Halafu siku moja Mpimaji akaja bila salamu yake ya kupoa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ng'wanawane, radi zimeanza jicho la pili. Zilianza zamani. Mayu alinificha, hakutaka kuniona nikihangaika tena na habari za ndege. Ya shirika imejaa. Niandikie hiyo iliyopoa."

Nikafungua kitabu cha tiketi. Nikaandika viti viwili.

Uwanjani, Mayu alikaa kwenye kiti, amenyoosha uso mbele, pazia limeshashuka zaidi ya nusu. Mzee akaweka begi kwenye mizani ya mizigo. Binti wa kaunta, Msukuma mwenzetu kwa matamshi, akashtuka.

"Baba, umezidisha. Humu kuna nini?"

"Jiwe."

"Jiwe la nini?"

"La kupimia." Akanigeukia, akanieleza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba ruhusa. "Mizani yao ikisema kweli, na ndege yao nitaiamini. Nitapanda na moyo mweupe."

Akalitoa, akaliweka peke yake. Namba zikawaka. Kumi na moja.

Akatabasamu, tabasamu la huzuni. "Imelewa," akasema. Kisha akalibeba kifuani mpaka kaunta ya pili, ya shirika kongwe, akamwomba kijana wa pale, na kijana akamruhusu, nadhani kwa ajili ya mvi zake. Akaliweka taratibu kama anavyowaweka watoto wachanga. Akaondoa mikono yake.

Kumi na moja.

Alilinyanyua akaliweka tena. Akaigonga ile mizani kwa kifundo cha kidole. Haikubadilika. Ndipo akili yangu ikafunguka, na nikaona kwamba yake imeshafunguka kabla. Iliyolewa ni ile mizani ya chama, tangu siku ya kwanza. Pamba yote ya Lalago, kila kumi na moja ya mkulima iliitwa kumi, na aliyeitangaza kwa sauti yake ni mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuishi nao. Na yule kijana tuliyemfukuza Zagayu kwa vicheko ndiye aliyekuja na mizani ya kweli.

"Linasema ngapi?" Mayu akauliza kutoka kwenye kiti.

Mzee akanitazama.

"Kumi," akamjibu.

Jiwe halikuruhusiwa kwenda bure, na yeye hakutaka kubishana. Akanikabidhi. Nikawaona wakitembea kwenda kwenye ndege, yeye amemshika mkewe kiwiko, anamwelekeza kila ngazi. Kabla ya kuingia mlangoni aligonga reli ya ngazi mara moja kwa kidole, akangoja kama kuna kitu kitamjibu, akaingia. Mimi nikarudi Bariadi na basi, jiwe mapajani, na kwa kuwa sikujua pa kuliweka, nikalifanya la kuzuia mlango wa kibanda upepo ukivuma.

Operesheni haikushika. Walikuwa wamechelewa tena, safari hii bila ndege yoyote kuwa na hatia.

Mara ya mwisho niliyokaa nao wote wawili ni mchana wa kiangazi, walipokuja kunisalimia. Mzee amebeba sahani ya michembe, Mayu amemshika bega kutoka nyuma. Mlangoni mguu wa Mayu ukagonga jiwe. Akainama, akalipapasa, akaingiza vidole chini yake, akalinyanyua kidogo tu kutoka ardhini, akalirudisha.

"Hili si jiwe lako la kumi?" akauliza. "Mbona liko huku?"

Nilijifanya natafuta kitabu cha tiketi. Mpimaji alisimama na sahani yake mkononi.

"Kumi na moja," akasema. "Ni kumi na moja, Mayu. Lilikuwa kumi na moja siku zote."

Mayu hakuinuka. Mkono wake ukabaki juu ya jiwe.

"Basi ile mizani ya chama."

"Ndiyo."

Nje bodaboda ikapita, vumbi likaingia, na hakuna aliyelifukuza. Mayu akainuka polepole, akageuza uso kuelekea pale aliposikia pumzi ya mumewe. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyouliza bei ya nyanya.

"Na ile ndege ya kwanza? Ile tuliyoiacha?"

Mzee angeweza kunigeukia mimi, maana mimi ndiye mwenye tiketi. Hakunigeukia. Aliweka sahani chini kwenye benchi, akaushika mkono wa mkewe.

"Ilifika," akasema. "Ilifika salama, Mayu. Walishuka wote."